Wino Mwekundu

Kila Jumanne ya pili ya muhula
naandika ubaoni kwa herufi kubwa:
KISICHOANDIKWA HAKIKUTENDEKA.
Vichwa mia na kumi na vinane vinainama pamoja
kama uwele uliopitiwa na upepo,
vinanakili.

Chuo kiko kilimani. Dirishani Dodoma inajijenga,
mabati mapya yanameta hadi kule
kulikokuwa na vichaka na mbuzi wa watu.
Mwanasesere wa mazoezi amelala mezani,
mpira mtupu. Mshipa wake haukwepi sindano,
hatoki jasho, haombi maji saa tisa usiku,
hamwiti mama yake.
Nampenda kwa kuwa hajawahi kunifia.

Kabla ya kilima, Mpwapwa.
Miaka kumi na saba, wodi ya wanaume,
vitanda ishirini na sita, wagonjwa arobaini,
waliozidi wamelala sakafuni, mzungu wa nne.
Mchana tuliandika kwa wino wa bluu,
usiku kwa mwekundu, ili daktari akifika asubuhi
atambue kwa kutupa jicho tu yaliyopita gizani.
Saa yangu niliibana kifuani, kichwa chini:
ukinitazama, imepinduka;
mimi niliyemwinamia mgonjwa naisoma sawasawa.
Kazi yote iko hapo, huwaambia.
Kisha nanyamaza. Haiko hapo yote.

Sikuandika kwamba mzee Chibago, kitanda cha tisa,
alitema vidonge siku mbili
mpaka nilipomwamkia "Mbukwa",
akavimeza, akanitajia ng'ombe wake
mmoja mmoja, kwa majina na mabaka,
nami nimesimama na trei mkononi.
Chati haina safu ya ng'ombe.

Na niliandika lisilokuwepo.

Februari. Maji yameikata barabara ya Gulwe,
Sista Peruzi amekwama ng'ambo, umeme hakuna,
niko peke yangu na tochi nimeiuma kwa meno.
Kitanda cha kumi na nne, Ndahani, kijana wa reli,
tumbo lake limeshonwa jana:
apimwe saa nane kamili.
Saa nane kamili nilikuwa kitanda cha tatu.
Saa tisa nilikuwa kitanda cha tatu.
Alfajiri, mikono ikinuka sabuni ya kipande,
nikafungua faili la Ndahani nikajaza:
saa nane, mapigo themanini na nne,
joto thelathini na saba nukta mbili.
Mwandiko mzuri. Wino mwekundu.

Akaamka, akaomba uji.
Siku ya tisa akaruhusiwa,
mkewe akaniletea kuku wa shukrani.
Sikuweza kumchinja.
Alitaga nyumbani kwangu hadi akazeeka,
akinitazama kwa jicho moja, kama kuku watazamavyo.

Nikaenda kusoma. Stashahada, shahada, uzamili,
na tasnifu yangu, msicheke,
ilihusu utunzaji wa kumbukumbu za uuguzi.
Walipiga makofi. Nilivaa joho la kuazima,
refu, nikalikanyaga ngazini.

Haya yote nawasimulia, na ukumbi hutulia
hata feni nasikia inavyolalama.
Wengine huniogopa kuanzia siku hiyo,
wachache hunipenda, sijui kwa nini.
Mwaka huu Zubeda Isere wa Kondoa,
asiyenyoosha mkono kamwe, alinyoosha.

"Mwalimu, na yule wa kitanda cha tatu?
Yeye uliandika nini?"

Jina. Saa ya kufariki. Sahihi yangu.
Sikuandika kwamba alishika kidole changu kimoja,
hiki, akakikaza kama mtoto mchanga,
na kwamba hata alipokwisha kukilegeza
sikukitoa.

Andikeni hilo, nikasema.
Kalamu mia zikashuka.
Zubeda akafungua yake, akaifunga.

"Kwa wino gani, mwalimu?"